Jinsi ya kuchapisha PCB zako kwa bei ndogo bila usafiri kukumaliza

Kama umeshawahi kujenga saketi kwenye veroboard, ile bodi ya matundu yenye mistari ya shaba, ukajaza waya mpaka ukigeuza bodi huelewi tena nini kimeungana na nini, basi hii ni ya kwako. Naongelea kupata PCB halisi, yaani bodi yenye njia za shaba zilizochapwa juu yake, ile ya kijani yenye maandishi meupe juu, uliyoichora mwenyewe, kwa hela ambayo mwanafunzi wa chuo au fundi wa mtaani anaweza kuitoa. Inawezekana kabisa, ila hela haiendi pale watu wanapodhani itaenda. Bodi zenyewe ni bei ya sahani ya chipsi kuku, usafiri ndo unakula mfuko, na kosa moja la dizaini linakula mara ya pili maana utalipa usafiri upya. Kwahiyo karibu kila ntakachosema hapa kinarudi kwenye mambo hayo mawili, kushusha usafiri na kutorudia oda.

Mfano ntakaotumia ni bodi yangu ya kuendesha pampu ya kujaza simtank. Nilitengeneza kwasababu kwetu maji ya bomba yanakuja usiku na mtu hawezi kuamka saa nane kila siku kuwasha pampu. Ndani kuna chipu ya ATmega328P inayoongoza kila kitu, pawa saplai ndogo ya HLK-PM01 inayotoa volti 5 kutoka kwenye umeme wa TANESCO, rilei moja (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), transista ya kuiendesha na dayodi yake, sehemu za kufungia floti ya juu na floti ya chini (swichi zinazoelea kwenye maji), na LED tatu. Ni saketi ya kawaida, ila ndo aina hasa inayotakiwa kwenda kwenye PCB, maana humo ndani kuna volti 230 na veroboard sio mahali pa kupitisha umeme huo, mistari yake ya shaba inafuatana kila milimita mbili na nusu tu.

Kwanini bodi ni bei chini hivyo

Kiwanda hakikatii bodi yako shiti yake peke yake. Wanachukua shiti moja kubwa ya FR-4, yaani ile fibaglasi ya kutengenezea bodi, wanapanga humo bodi za watu wengi kutoka nchi mbalimbali, wote waliochagua vitu vilevile, unene ule ule, rangi ile ile, shaba ile ile, wanachapisha kwa mara moja afu wanakata na kugawa. Gharama ya kuandaa mashine inagawanywa kwa wateja wote waliomo kwenye shiti hiyo. Ukielewa hili umeelewa bei zote zinavyokwenda, yaani ukichagua kile wengi wanachochagua unapanda basi la abiria, ukichagua kitu cha tofauti umekodi teksi. Ndo maana bodi ya kijani ya milimita 1.6 ni dola mbili tatu na ukibadilisha unene wa shaba tu bei inaruka.

Ndo maana pia kuna ule mpaka wa milimita 100 kwa 100. Kiwanda cha JLCPCB cha Shenzhen, China, wanatoa bodi 5 za tabaka mbili (shaba juu na chini) kwa dola 2 ukiwa ndani ya hiyo saizi, wenzao PCBWay ni dola 5 na unaweza kuchukua mpaka 10 kwa hela hiyohiyo. Ukizidisha hata milimita moja, ukawa na 101, unatoka kwenye ofa na unaanza kuhesabiwa kwa eneo. Nimeona watu wanachora bodi ya 105 kwa 80 bila sababu yoyote, wameacha tu nafasi pembeni, wakati wangesogeza konekta mbili wangerudi ndani ya mia. Ukiwa unaanza kuchora, chora kwanza boksi la 100 kwa 100 au dogo zaidi afu ndo upange komponenti humo, usifanye kinyume chake.

Nani wa kumpa kazi

Kwa aliyeko Dar, Mwanza, Nairobi au Kampala jibu langu ni China, JLCPCB au PCBWay. JLCPCB ni bei chini zaidi na mfumo wao ni wa kujihudumia, unapakia faili, unaona bei hapohapo, unalipa. PCBWay wamezidi kidogo bei ila dizaini ikiwa na kitu kisicho cha kawaida kuna mtu anaikagua na kukuuliza, mi nawapendelea kwa bodi ngumu. Wapo na wengine kama Elecrow na Seeed, wote wa hukohuko Shenzhen na bei hazipishani sana, kwahiyo usipoteze wiki nzima unalinganisha senti, linganisha jumla ya mwisho pamoja na usafiri mpaka mlangoni kwako, hiyo ndo namba yenye maana.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani kuna OSH Park, wale wa bodi za zambarau. Wanahesabu dola 5 kwa inchi moja ya mraba na unapata bodi tatu, tena zimepakwa dhahabu, kitu ambacho kwingine unalipia. Kwa bodi ndogo ya inchi moja kwa moja huwezi kuwapita, dola 5 imeisha, ila chukua hii yangu ya pampu ikiwa 100 kwa 100 ni inchi za mraba kama 15 na nusu, unaongelea dola 77. Kwa walioko Ulaya kuna Aisler wa Aachen, Ujerumani, uzuri wao ni kwamba mzigo haupiti forodha ukiwa ndani ya Umoja wa Ulaya.

Na nyumbani je? Ile ya kuprinti kwenye karatasi kwa leza, ukapiga pasi juu ya shaba afu ukaloweka kwenye feri kloraidi, mi nimeifanya sana na bado naikubali kwa kitu kimoja, ukitaka bodi leo jioni na ni ya upande mmoja. Ukishataka tabaka mbili na mashimo yanayopitisha umeme kutoka juu kwenda chini, au nyaya nyembamba, utateseka. Na hesabu vizuri, shiti ya shaba, feri kloraidi, visu vya drili ambavyo vinavunjika kila ukitetemeka mkono, kwa bodi tano umeshapita dola 2 za kiwanda. Halafu ile dawa iliyotumika ina shaba, usiimwage kwenye mtaro wala chooni, na usiitie kwenye sufuria ya alumini.

Kuchora ukijua bodi inasafiri mbali

Programu ya kuchorea ni KiCad. Ni ya bure, haikubani kwa saizi na inafika mpaka tabaka 32 za shaba, inafanya kazi bila intaneti ukishaipakua, na wale wanasayansi wa CERN wamechangia kuijenga kwa miaka mingi, sio kitu cha kitoto. EasyEDA ni rahisi kwa anayeanza na inafungukia kwenye brauza, imeungana na JLCPCB moja kwa moja, ila ukiitumia kwenye brauza inataka bando muda wote na mi sipendi dizaini zangu zikae kwenye seva ya mtu. Kama ulijifunzia Eagle chuoni, Autodesk walitangaza kwamba mwisho wake ni Juni 2026, hama.

Sasa kosa kubwa kuliko yote na ambalo ndo linalofanya watu walipe usafiri mara mbili ni futiprinti, yaani ile alama ya miguu ya komponenti kwenye bodi. Kwenye oda yangu ya kwanza kabisa nilichagua ATmega328P ya miguu 28 nikachukua futiprinti ya DIP-28 ya kwanza niliyoiona kwenye orodha, kumbe ni ile pana ya milimita 15.24, wakati ATmega328P ni ile nyembamba, milimita 7.62 kati ya safu mbili. Bodi tano nzuri zinang'aa, nimesubiri wiki tano, na chipu haiingii hata moja. Hakuna dawa, ni kuoda upya. Tangu hapo sheria yangu ni moja, situmi faili kabla sijanunua komponenti. Naenda Kariakoo nanunua rilei, teminali, swichi, kapasita zote kwanza, napima kwa vania afu nalinganisha na futiprinti. Vitu vya dukani mara nyingi sio vilevile vilivyoko kwenye laibrari ya KiCad, teminali za skurubu hasa, kuna za milimita 3.5, za 5, za 5.08, na muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Baada ya hapo printi bodi yako kwenye karatasi kwa saizi halisi, asilimia 100, hakikisha printa haijapunguza ili kuenea ukurasa, chora mstari wa sentimita 5 pembeni upime kwa rula. Bandika karatasi kwenye kipande cha boksi la viatu, toboa kwa sindano, ingiza komponenti zote. Kazi ya nusu saa, stationary watakuchaji shilingi mia mbili, na ndo ukaguzi unaookoa hela kuliko wowote ninaoujua. Utaona rilei inagusa kapasita, utaona teminali umeigeuza waya zinaingilia ndani ya bodi badala ya nje, utaona shimo la skurubu limekaa chini ya chipu.

Transista nazo zitazame. BC547 ukiigeuzia uso ule bapa kwako miguu ni C, B, E kutoka kushoto, PN2222A ni E, B, C, yaani kinyume chake. Ukichora kwa moja ukanunua nyingine saketi haitafanya kazi, ingawa hii angalau unaweza kuigeuza ukaichomelea mgongo mbele. Regyuleta (ya kushusha volti) ya AMS1117 lile bawa lake kubwa ni autiputi sio graundi, wengi wanalibandika kwenye graundi kwa mazoea ya 7805 na wanapiga shoti.

Unene wa nyaya za bodi. Shaba ya kawaida ni aunsi moja, maana yake maikromita 35. Kwa signali weka milimita 0.25 na utakuwa salama na kiwanda chochote, wanaweza kwenda mpaka karibu 0.13 ila huna sababu ya kujibana. Kwa njia ya volti 5 weka milimita 1. Kwa njia ya pampu inayopitisha ampea 5 unahitaji karibu milimita 3 ili isipate moto, na KiCad ina kikokotoo chake cha hiyo hesabu ndani, kitumie. Kwa ampea 10 hesabu inafika milimita 7, hapo mi huwa nafungua solda maski, ile rangi ya kijani, juu ya njia nzima ili niimwagie risasi ya kuchomelea nikishapokea bodi, au nafanya kama nilivyofanya kwenye hii ya pampu, rilei ya bodi inawasha kontakta (rilei kubwa ya umeme mkubwa) na kontakta ndo inabeba pampu. Motor inapowaka inavuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, vile virilei vya bluu vilivyoandikwa 10A vinaganda mapema.

Na hili silifanyii mchezo kabisa, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 visikaribiane. Mi siweki chini ya milimita 6 popote, na chini ya rilei nachora mwanya wa kukatwa kabisa, kiwanda wanaukata bila kukuongezea hela ukiuweka kwenye leya ile ile ya mpaka wa bodi. Vumbi na unyevu wa Dar vikikaa juu ya bodi miaka miwili umeme unatambaa juu ya uso, ule mwanya unaukatia njia. Hiki ni kifaa ambacho mtoto atakuja kukigusa akijaza ndoo.

Faili na fomu ya oda

Ukimaliza, endesha DRC, yaani ukaguzi wa sheria za dizaini, kwenye KiCad na usitume mpaka errori ziwe sifuri, sio "zile chache za kawaida", sifuri. Afu toa faili za Gerber, yaani michoro ambayo kiwanda kinaisoma, na faili ya drili ya mashimo, zifunge kwenye zipu moja. Kabla ya kupakia zifungue na GerbView, inakuja na KiCad yenyewe, uone kile ambacho kiwanda kitaona. Angalia mpaka wa bodi umefunga duara, mashimo yapo na yamekaa katikati ya pedi (vile vidoa vya shaba vya kuchomelea), maandishi hayajageuka. Ukiona hakuna mashimo kabisa umesahau faili ya drili, inatokea sana.

Kwenye fomu ya oda utakutana na maswali ishirini na kitu, usiogope. Kama hujui kiboksi fulani kinafanya nini usikiguse, walichokuwekea tayari ndo kile cha basi la abiria. Tabaka 2, FR-4, milimita 1.6, shaba aunsi 1, kijani, HASL (shaba inapakwa risasi ya kuchomelea). Rangi nyingine siku hizi kwa baadhi ya viwanda ni bei ileile ila zinaweza kuongeza siku, na nyeusi inaficha nyaya, ukitafuta tatizo unapata shida kuzifuata kwa macho. HASL ya kawaida ina madini ya risasi, kama watoto watakuwa wanashika bodi au wewe mwenyewe hutaki, ongeza kidogo uchukue isiyo na risasi, na kwa ile ya kawaida nawa mikono kabla ya kula. JLCPCB huwa wanachapa namba ya oda juu ya bodi, ukitaka ikae mahali usipoona vibaya andika JLCJLCJLCJLC kwenye silikskrini (yale maandishi meupe) pale unapotaka, afu kwenye fomu chagua kwamba umetaja sehemu, wataibadilisha maandishi hayo kwa namba.

Jambo la kujaribu kubana ambalo halilipi, kuweka dizaini tatu tofauti kwenye faili moja ili ulipe dola 2 mara moja. Wanaliona na wanaongeza chaji. Kila dizaini ioda peke yake, dola mbili mbili, afu zote zitoke kwenye kifurushi kimoja. Dizaini tatu ni dola 6 na usafiri ni ule ule.

Usafiri, hapa ndo penyewe

Bodi moja ya 100 kwa 100 ina uzito wa gramu 30 na kidogo. Tano ni gramu kama 160. Kampuni za kusafirisha haraka kama DHL na FedEx wanahesabu kwa nusu kilo nusu kilo, maana yake ukioda bodi tano unalipia nusu kilo nzima na zaidi ya nusu yake imesafiri tupu. Ndani ya nusu kilo hiyohiyo ungeweza kuweka bodi kama kumi pamoja na boksi. Kwahiyo usiode bodi moja ukiwa peke yako, kusanya. Mi na wenzangu wanne tuna kagrupu ka WhatsApp, kila mtu anachora kwa muda wake, tukifikisha dizaini nne tano mmoja anaoda kwa akaunti yake, wote wanamtumia hela, usafiri tunagawana. Bodi zikiwa ndogo kiasi cha zote kuenea kwenye nusu kilo, usafiri ambao peke yako ungelipa dola 25 unakuwa dola 5 kila mtu na kila mmoja amepata bodi zake tano. Hii peke yake imenishushia gharama kuliko kuponi yoyote. Kuponi nazo zipo kwa akaunti mpya, zitumie, ila ni mara moja tu.

Ukitaka kubana uzito zaidi chagua unene wa milimita 0.8, mara nyingi ni bei ileile na uzito unakaribia nusu, ila bodi inapinda kidogo, kwa kitu chenye rilei na teminali nzito za kukaza kwa bisibisi mi sishauri.

Ipo na njia ya posta, ya polepole, dola chache tu. Kwa oda ndogo isiyo na haraka ndo ninayoitumia mara nyingi. Hesabu wiki nne mpaka nane na uwe na amani moyoni. Anwani andika S.L.P. yako, postikodi, na namba ya simu ikianza na +255, namba ya simu ndo muhimu kuliko vyote maana ndo wanayokutafutia mzigo ukifika, ukikosea tarakimu moja mzigo unakaa dirishani mpaka unarudishwa. Nenda na kitambulisho. Na kila baada ya wiki tatu hivi andika namba ya mzigo kwenye mfumo wa ufuatiliaji wa posta, usisubiri upigiwe.

Njia ya tatu ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua vizuri ni wakala wa kargo. Hawa wana ghala Guangzhou, wanakupa anwani ya Kichina na alama yako ya mzigo, unamwambia muuzaji apeleke hapo, kutoka Shenzhen mpaka Guangzhou ni karibu na nauli ya ndani ya China ni ndogo sana. Wakala analeta kwa ndege kwa bei ya kilo, na forodha anamaliza yeye. Faida inakuja ukiwa na kilo kadhaa, sio gramu 160. Sisi tunatumia njia hii tukiwa tunaagiza na komponenti, moduli za ESP32, sensa, boksi za plastiki, vyote vinakutana ghalani kwa wakala afu vinapanda ndege pamoja. Kabla hujalipa waulize kiwanda cha PCB kama wanakubali kupeleka kwenye anwani ya ndani ya China, na wakala muulize kiwango cha chini anachochaji, wengine hata ukileta gramu 200 wanakuhesabia kilo nzima. Na andika alama yako ya mzigo kwenye jina la mpokeaji, mzigo usio na alama ghalani ni mzigo wa watu wote.

Kodi ipo, usiiache nje ya hesabu. Tanzania VAT ni asilimia 18, Kenya 16, na inahesabiwa juu ya thamani pamoja na usafiri, kwahiyo usafiri ghali unakuuma mara ya pili hapo. Kampuni za haraka wanaongeza na ada yao ya kushughulikia forodha, uliza ofisi yao kabla. Maelezo ya mzigo yaseme wazi kwamba ni PCB tupu zisizo na komponenti, msimbo wa forodha ni 8534, ili asitokee mtu akadhani ni vifaa kamili vya umeme. Thamani andika ya kweli, bodi za dola 10 ni dola 10, huna cha kuficha.

Malipo ni kadi ya Visa au Mastercard. Huna haja ya kadi ya benki kama huna, kadi za mtandaoni za mitandao ya simu zinafanya kazi, kwa Kenya Safaricom wana GlobalPay ya M-Pesa tangu 2022 na Tanzania nako zipo. Weka hela imezidi kidogo kwenye kadi maana kiwango cha kubadili dola ni cha kwao sio kile ulichokiona kwenye simu yako.

Ratiba nayo iangalie. Kutengeneza bodi ni siku moja mpaka tatu tu, ila Mwaka Mpya wa Kichina ukifika, kati ya mwisho wa Januari na Februari, viwanda vinafunga wiki nzima na zaidi, na wiki ya kwanza ya Oktoba pia ni sikukuu yao. Kama una projekti ya mwisho wa mwaka chuoni tuma faili mwezi mmoja na nusu kabla, na kama ni kwa posta zaidi ya miezi miwili.

Wakuchomelee au uchome mwenyewe

JLCPCB wanaweza kukubandikia na komponenti. Kuna ada ya kuandaa dola 8, stensili (bati la kupakia risasi kwenye pedi) dola 1.5, na komponenti zimegawanywa makundi mawili, zile za msingi ambazo ziko tayari kwenye mashine, na za ziada ambazo kwa nyingi kila aina moja inakuongezea dola 3. Hizo dola 3 ndo mtego, saketi yenye aina sita za ziada imeongeza dola 18 kabla hata hujalipia komponenti zenyewe. Ukiamua kutumia huduma hii chora tangu mwanzo kwa kutumia orodha yao ya komponenti za msingi, risista na kapasita za saizi ya 0603 na 0805 zipo nyingi humo, na unaweza kuomba wabandike bodi mbili tu kati ya tano. Kwa bodi kama ya pampu mi nachoma mwenyewe, kila kitu ni cha miguu mirefu. Kwa chipu zile ambazo miguu iko chini ya tumbo waachie wao. Kubandikiwa hapahapa Afrika Mashariki pia kunawezekana, Gearbox pale Nairobi wana mashine hizo, ila kwa bodi mbili tatu za kujifunzia haitakulipa, wafikirie ukiwa na bidhaa ya kuuza.

Bodi zikifika

Usikimbilie pasi ya kuchomea. Chukua bodi tupu, weka mita kwenye mlio, gusa volti 5 na graundi, isilie. Gusa laini na nyutro za upande wa 230, isilie. Gusa laini na graundi ya volti 5, isilie. Kwa bodi hizi za bei ndogo makosa ya kiwanda ni machache ila makosa yako mwenyewe yanaweza kuwepo, na ni rahisi kuyaona kabla hujajaza komponenti.

Chomea bodi moja tu kati ya tano. Kwa hii ya pampu nilianza na upande wa volti 5 bila kuweka HLK-PM01, nikaipa umeme kutoka kwenye chaja ya simu, nikapakia programu, nikanyanyua floti kwa mkono kuona rilei inalia. Ilipokubali ndo nikachomea HLK-PM01, na mara ya kwanza kuiunganisha na umeme wa ukutani niliipitishia kwenye taa ya siriizi, balbu ile ya zamani ya uzi ya wati 60, kama wanavyofanya mafundi redio, kukiwa na shoti balbu inawaka badala ya bodi kulipuka. Balbu isipowaka toa, funga bodi kwenye boksi lake, ndo uunge moja kwa moja.

Bodi moja kati ya zile nne zilizobaki usiichomee kamwe. Iweke kwenye droo pamoja na karatasi ya saketi, siku ile ya kwanza ikiharibika utaifuata njia kwa njia ukilinganisha na ile tupu, unaona kila waya unapita wapi bila komponenti kukuziba.